Nyuma ya Wanenguaji

Nikipita na gitaa langu mgongoni, watu wananiuliza ni la nani. Si wote, lakini wanatosha kunichosha. Dereva mmoja wa bodaboda pale Ubungo aliniuliza kama nampelekea mume wangu kazini. Mlinzi wa ukumbi mmoja Kinondoni alinizuia getini karibu nusu saa, bendi yangu ikiwa ndani inapima sauti bila gitaa la solo, kwa sababu aliambiwa mpiga gitaa yuko njiani na yeye alikuwa anamsubiri mwanamume. Nilipomwambia ndiye mimi, alicheka. Akasema, "Sista, wanenguaji wanapitia mlango wa nyuma."

Nilikasirika sana siku ile, na kwa muda mrefu niliamini nimekasirika kwa sababu nzuri. Baadaye ndipo nilipokiri kilichoniuma hasa: amenifananisha na wanenguaji.

Nimelelewa kwenye nyumba ya mwalimu. Baba yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Nyanda za Juu, akafundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya ya kanisa letu. Alikuwa na gitaa moja, na kaka zangu wote wawili hawakulitaka, kwa hiyo alinifundisha mimi. Nilipiga kanisani tangu nikiwa msichana mdogo, na washarika walinipenda. Nilipofika miaka ishirini na mbili bendi moja ya dansi ikanisikia kwenye harusi, ikanichukua. Baba hakunifukuza nyumbani. Alisema tu, "Mikono hiyo niliifundisha mimi. Ukumbuke inawapigia akina nani."

Bendi yetu ilikuwa kama bendi nyingi za hapa mjini. Waimbaji, magitaa matatu, kinanda, drams, tumba, na wanenguaji wanne. Kwa asiyejua dansi: wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanalalamikia mapenzi, halafu inafika sehemu wananyamaza na gitaa la solo linashika usukani. Hapo ndipo sebene linapoanza, na hapo ndipo wanenguaji wanapotoka mbele. Kwa hiyo kazi yangu na kazi yao ilikuwa inaanza dakika ileile. Nilikuwa nasimama nyuma yao hatua tatu. Kwa miaka sita nimetazama migongo ya wanawake wale kuliko nilivyotazama uso wa mtu yeyote.

Aliyekuwa kiongozi wao alikuwa mwanamke wa Mbagala, Mzaramo wa hapahapa, kanizidi miaka sita. Nilimwita dada, yeye akiniita mdogo wangu. Bibi yake alikuwa kungwi, mwanamke anayewafunda wari, wasichana waliovunja ungo, na yeye alijifunza kucheza ngoma kwenye uwanja wa bibi yake kabla hajajua kusoma. Watu walimwona anakata kiuno wakadhani anajikatia tu. Mimi nilimwona mazoezini, Jumanne na Alhamisi asubuhi, viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu bado inanata bia. Alikuwa anakuja kusimama kando ya spika yangu, anafumba macho, anasikiliza solo zima bila kujitingisha. Ndipo anawapanga wenzake.

Siku moja alisimamisha bendi nzima.

"Mdogo wangu, pale mwisho umeongeza kitu leo."

Kweli nilikuwa nimeongeza. Sauti mbili tu, za kupita. Mpiga besi, ambaye tulikuwa tunapiga naye bega kwa bega, hakuwa amesikia.

"Kiache au kitoe, vyovyote," akasema, "lakini niambie. Mie kiuno changu nakiweka juu ya hiyo sauti yako. Ukiihamisha bila kuniambia, nakanyaga hewa."

Nimepiga na wanaume waliosoma muziki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Halafu watu wakaanza kupungua ukumbini. Vijana walihamia kwenye singeli na bongo flava, ambako mtu mmoja anakuja na flashi mfukoni anajaza uwanja. Mkurugenzi wetu, maana kila mwenye vyombo vya muziki hapa mjini anaitwa mkurugenzi, aliitisha kikao. Hakusema tutunge nyimbo mpya. Hakusema tununue maikrofoni ambazo hazikoromi. Alisema wanenguaji wamevaa sana.

Kwanza sketi zikapanda. Kisha zikaondoka, ikaja khanga moja, kifungo kimoja kiunoni, na ndani yake taiti nyepesi. Kisha ikaja ndoo. Sebene likishika, mmoja anamwagiwa maji, khanga inaganda mwilini, mshereheshaji anapiga kelele kama ameona ajabu ya dunia. Mkurugenzi aliita hiyo ubunifu.

Alinigeukia na mimi. "Na wewe ungejifunga khanga ingependeza. Mpiga solo mwanamke, tena na khanga, bendi gani inayo hiyo?"

"Mie ni mwanamuziki," nikamjibu. "Napiga na suruali yangu."

Akaacha, kwa sababu hakuwa na mpiga solo mwingine. Nilirudi nyumbani siku ile najisifu njia nzima. Nimemkatalia mkurugenzi! Haikunijia hata kidogo kwamba wale wanne hawakuulizwa, kwamba waliletewa ndoo tu, na kwamba neno langu lile, mie ni mwanamuziki, nililisema mbele yao, wakalisikia.

Yaliyotokea yalitokea Tegeta, Jumapili, saa kumi jioni, jua kali. Lilikuwa bonanza, lile la familia, watoto wanakula chipsi na kuruka kwenye kasri la upepo huku baba zao wanakunywa. Meza ya mbele ilishikwa na mwanamume mmoja mwenye shati jeupe, ambaye mshereheshaji alikuwa anamwita mheshimiwa kila baada ya dakika tano. Mheshimiwa wa nini sijui mpaka leo.

Sebene lilipochanganya, dada akiwa ameshamwagiwa maji, mwanamume yule alipanda jukwaani kutuza. Hilo ni la kawaida. Mtu anapanda, anabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji au mnenguaji, anacheza hatua mbili, anashuka. Huyu alibandika noti kwa dada, halafu hakushuka. Akashika ncha ya khanga.

Dada aliishika kwa mkono mmoja kiunoni na akaendelea kucheza. Alicheza huku anarudi nyuma, anarudi nyuma kuja kwangu, mpaka akawa karibu kiasi cha kugusa gitaa. Akageuza uso akanitazama. Nilijua anataka nini. Hakukuwa na mtu mwingine stejini aliyeweza kuumaliza ule wimbo palepale. Solo likikata, sebene linakufa, na bila sebene yule mwanamume angekuwa mtu mzima aliyesimama mbele za watoto ameshika nguo ya mwanamke.

Nikamtazama mkurugenzi, aliyekuwa kwenye mitambo. Akazungusha kidole hewani. Endelea.

Nikaendelea. Na si kuendelea tu. Mkono wangu wa kushoto ulipanda juu ya shingo ya gitaa, kule kwenye sauti nyembamba, kama ninavyofanyaga umati unapopandisha mzuka. Sikuuamuru. Watu walipiga kelele na mkono ukajibu kelele.

Khanga ikatoka. Taiti ilikuwa imelowa, ikashuka nayo upande mmoja. Dada aliteleza kwenye maji akaangukia tumba. Simu zilikuwa zimeshainuliwa kila meza. Yule mwanamume aliipunga khanga juu kama bendera, akacheka, akashuka nayo. Na mimi nilipiga mpaka mwisho wa wimbo. Mpaka mwisho, na nikaufunga vizuri.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya kreti za bia. Nilimkuta amekaa juu ya kreti, kajifunika kitambaa cha kufunikia kinanda, goti linavuja damu.

"Dada, pole."

Alifuta damu kwa ncha ya kitambaa. Kisha akasema, "Ulikuwa unapiga."

"Bosi alisema tuendelee, nami…"

"Nilikusikia. Ulipanda juu."

Wenzake watatu walikuwa pale, wote wakanitazama, na hakuna aliyeelewa anasema nini. Mimi nilielewa. Ameanguka, amevuliwa nguo mbele za watu, na katikati ya yote hayo masikio yake yalikuwa bado yanafuata gitaa langu.

Video ilisambaa kabla hatujapakia vyombo. Baada ya siku tatu niliitwa nyumbani. Baba alikuwa amekaa sebuleni, simu mezani mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzee mmoja wa kanisa amenionyesha."

"Umemwona yule mwanamume alichofanya?"

"Nimekuona wewe," akasema. "Unatabasamu."

Nilibisha. Akanipa simu niangalie. Ilikuwa kweli. Ni uso ninaouvaa ninapopiga sauti za juu, midomo inavutika yenyewe, lakini anayetazama anaona mwanamke anayetabasamu nyuma ya mwanamke anayevuliwa. Nilirudisha simu mezani. Baba aliizima, na ningependa angenipiga.

Wiki ileile tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mkurugenzi hakuja, alimtuma dada, na akanituma mimi nimsindikize kwa sababu, alisema, najua kuongea. Tulikalishwa kwenye benchi mbele ya wazee wanne na mama mmoja mwenye daftari. Waliicheza video mara tatu. Mara tatu, kwa sauti, dada akiwa amekaa pale na baibui lake, macho sakafuni.

Wakamuuliza kwa nini alivaa vile. Wakamuuliza kama ana wazazi. Wakamuuliza kama hakuona kuna watoto.

Mimi nikasema, "Samahani wazee wangu. Hakuvua. Amevuliwa. Mwanamume aliyemvua yupo hapo kwenye simu, sura yake inaonekana. Mbona hajaitwa?"

Mzee wa katikati aliisimamisha video, akaisogeza simu machoni. "Huyu ni mteja," akasema.

"Mteja ndiyo avue watu nguo?"

"Binti, wewe si umetambulishwa hapa kama mpiga gitaa? Haya hayakuhusu."

Yule mama mwenye daftari hakuinua kichwa. Dada aliandikishwa barua ya kuomba radhi kwa jamii kwa kuvunja maadili. Kuomba radhi! Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala, na alipomaliza aliuliza kwa adabu kama aweke saini au dole gumba. Nilitamani kuipindua ile meza.

Kesho yake mkurugenzi alimsimamisha kazi ili kulinda heshima ya bendi. Keshokutwa yake alileta mnenguaji mpya. Akampa khanga, na ndoo ikabaki palepale ilipokuwa.

Mtu atauliza kwa nini sikuondoka siku ile. Nimejiuliza sana. Nilijiambia nikiondoka sitapata bendi nyingine, kwa kuwa bendi hazichukui mwanamke wa solo, zinamtafuta wa kuimba au wa kucheza. Hiyo ni kweli. Kweli hiyo ilinitosha kwa wiki mbili na nusu, na bado naionea aibu.

Kisha tukapiga Chamazi, Jumamosi mchana, baa moja iliyojaa watu waliotoka mpirani. Kwa yule mnenguaji mpya ilikuwa mara ya tatu kupanda jukwaani. Bado alikuwa anahesabu kwa midomo. Sebene likashika, wakammwagia maji, na mwanamume mmoja akapanda, wa kawaida tu, jezi mgongoni, bia mkononi. Hakuwa hata na noti ya kutuza. Akashika ncha ya khanga.

Msichana alikunja uso wake na kuhesabu zaidi. Moja, mbili, tatu, nne.

Nilimtazama mkurugenzi. Kidole kikazunguka.

Nikaondoa mikono kwenye nyuzi.

Si rahisi kueleza bendi inavyokufa. Mpiga rithimu alinigeukia akidhani waya umekatika. Besi ilitembea peke yake kidogo ikajikwaa. Tumba zikanyamaza. Drams zikawa za mwisho, halafu ukawa ukimya wa ajabu mchana ule, nikasikia khanga inadondosha maji kwenye mbao. Nilivuta maikrofoni ya mwimbaji.

"Shuka," nikamwambia yule wa jezi.

Watu walizomea. Walinizomea mimi. "Pigaaa!" mmoja akaita, na chupa ya maji ikanipita sikioni. Mkurugenzi akaja mbio, jasho linamtoka.

"Piga."

"Ashuke kwanza."

"Nimesema piga, wewe mwanamke!"

"Na mimi nimesema ashuke."

Yule mwanamume alishuka. Asidhani mtu kwamba aliona haya. Muziki ulipokwisha hakujua tena mkono wake unafanya nini pale, ndiyo maana aliachia.

Nilifukuzwa kazi papo hapo, mbele ya umati, kwa maikrofoni. Watu wakashangilia. Nilipokuwa nachomoa waya wangu, mpiga besi aliinama akaninong'oneza, "Unatuharibia riziki zetu kwa ajili ya kitu gani?" Ana mabinti watatu, huyo. Nimekula kwake, nimewabeba. Nikifikiria ule mnong'ono wake, hasira inanipanda hadi leo kuliko ya mkurugenzi, maana mkurugenzi sikuwahi kumtegemea. Na yule msichana, niliyedhani nimemwokoa, alinifuata nyuma ya baa kwa hasira. "Dada, nani kakutuma? Mie nina kazi wiki ya tatu tu." Akarudi kucheza. Walipiga bila solo, kinanda kikibabaisha sehemu yangu, nami nikawasikia mpaka barabarani.

Kesho yake nilikwenda Mbagala. Sitadanganya, nilikwenda nikitegemea kushukuriwa. Dada alikuwa uani anakuna nazi, mama yake kampa mgongo upande wa pili. Tangu ile video mama yake alikuwa anaongea naye kwa kupitia watu. Nilimsimulia yote, ukimya, chupa, kufukuzwa. Alisikiliza kama anavyosikilizaga, bila kujitingisha. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mbuzi ya kukunia.

"Sasa unataka nikupigie makofi?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua namna ya kuacha."

Nikaokota kifuu kilichoanguka chini.

"Kwa nini yeye, na si mimi?"

"Niliogopa," nikasema. Kisha nikajilazimisha kuongeza, "Na nilijiona si mmoja wenu."

Akarudi kukuna nazi. "Hilo tulilijua," akasema. "Wote tulilijua. Tulikuwa tunabadilisha nguo na wewe chumba kimoja." Hakunifukuza. Aliniambia tu nisogee, namzibia mwanga.

Siku hizi napiga kwenye harusi na sherehe za kuagana, na katikati ya wiki kwenye hoteli moja ambako wageni wanakula huku wananipa mgongo. Mkurugenzi bado ni mkurugenzi. Mabango yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka Tegeta mpaka Temeke, viuno vimejipanga juu, na chini, kwa herufi ndogo, neno familia. Yule mwenye shati jeupe hajawahi kuandika barua yoyote kwa jamii yoyote. Video ipo. Anayelitafuta jina la dada anaiona, na kuna mposaji wake mmoja aliyeiona akarudi nyuma. Watu wananiambia nisamehe niendelee na maisha. Nimeendelea na maisha. Kusamehe ni kitu kingine, na sioni aliyekuja kuniomba.

Dada sasa anafundisha wanawake kucheza. Anakwenda kwenye shughuli za kumfunda bibi harusi, wanawake peke yao, milango imefungwa, na wanamwita mwalimu. Mwezi uliopita alinipigia simu, mara ya kwanza tangu siku ile ya nazi. Spika za huko alikokuwa anaenda zilikuwa mbovu, na shughuli ilikuwa Kinondoni, mchana.

"Unaweza kuja na gitaa?"

Nikaenda. Alinikuta nafunga nyuzi kwenye kona ya ule ukumbi mdogo, wanawake wanajifunga khanga zao na kucheka. Hakuniuliza habari za siku nyingi.

"Sikiliza," akasema. "Nikiinua mkono, unaacha. Hapohapo, hata kama uko katikati."

"Sawa, dada."

Tukaanza. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wanawake wakachangamka, bibi harusi akaitwa katikati. Wa tatu ukiwa umenoga kabisa, hakuna mtu aliyemgusa mtu, hakuna lolote lililoharibika, dada akainua mkono.

Nikaacha.

Wanawake wote wakageuka kunitazama mimi. Yeye hakugeuka. Aliacha ule ukimya ukae, mkono uko juu, kama mtu anayepima kitu mizani. Kisha akaushusha, akasema, "Haya, piga," na akaendelea kufundisha.